Arushwe darasa au abaki? Kisa cha binti wa darasa la pili na kaka yake wa la tatu

Mwanzoni mwa Novemba 2025 mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali alimwandikia mwalimu mkuu barua ya nusu ukurasa. Ana mwanafunzi, binti wa miaka 8 na miezi 2, anayemaliza kazi wenzake wakiwa bado wanaandika tarehe. Anaomba arushwe darasa: Januari asiingie la tatu, aende moja kwa moja la nne. Baba alikubali palepale. Mama alisema tusubiri kidogo, ila hakuweza kueleza tunasubiri nini.

Kisa hiki tumekiunda kwa kuunganisha hali zinazojirudia shuleni, kwa hiyo hakimhusu mtoto yeyote mmoja. Tumemchagua kwa makusudi mtoto ambaye jibu lake halipatikani kwa kumtazama tu. Anayewazidi wenzake kidogo hahitaji kikao, na anayewazidi kwa miaka mitatu hana wa kumbishia. Huyu yuko katikati, na watoto wengi wanaoombewa kurushwa wako hapo.

Barua ilitaja mambo matatu. Anasoma gazeti. Anafanya hesabu za kaka yake. Anashika nafasi ya kwanza kila mtihani kati ya wanafunzi 94. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalotosha. Kuwa wa kwanza darasa la pili kunatuambia kwamba la pili limemwisha. Kama la tatu nalo limemwisha, hakutuambii. Tunachotaka kujua ni kiasi gani cha darasa linalorukwa tayari anacho, na chumba anachopelekwa kina nani ndani yake.

Jambo la nne barua haikuligusa, pengine kwa kuwa shule nzima inalijua na limezoeleka. Kaka yake, anayetimiza miaka 10 mwezi huohuo, yuko darasa la tatu. Januari anaingia la nne.

Kumpima kwa karatasi za darasa linalorukwa

Kosa la kwanza ambalo shule nyingi hufanya ni kumpa mtoto mtihani wa darasa lake tena, apate 50 kwa 50, halafu wote wafurahi. Mtihani ule umeshafika darini na hauwezi kuonyesha kilicho juu ya dari. Anapaswa kupewa mitihani ya kufunga mwaka ya darasa la tatu, na itoke shule ya kata nyingine, kwa sababu ya shule yake huenda ameshaiona kwenye madaftari ya kaka.

Masomo ya kumpima ni 6: Hisabati, Kiswahili, Sayansi, Kiingereza, Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Afanye karatasi mbili kwa siku, moja saa 2 asubuhi na nyingine baada ya mapumziko, kwa siku tatu. Asikae ofisi ya mwalimu mkuu, maana watu huingia na kutoka wakimtania. Atafutiwe chumba kitulivu na mwalimu asiyemfundisha.

Alama zake peke yake hazina maana bila za kulinganisha nazo. Darasa la tatu lina wanafunzi 88 katika mikondo miwili. Chukua daftari la mahudhurio, hesabu kila jina la 8, utapata watoto 11. Wape karatasi zilezile. Jina la kaka likiangukiwa na hesabu, ruka uchukue linalofuata. Wapange 11 hao kwa alama katika kila somo: wa 6 ndiye wa katikati, na ndiye mwenzake binti huyu atakayekaa naye dawati moja Januari. Usimlinganishe na anayeongoza, wala na wastani uliovutwa chini na mtoto mmoja aliyeumwa siku ya mtihani.

Matokeo yalikuwa hivi, kila somo likiwa na alama 50. Hisabati alipata 43, wa katikati 28. Kiswahili 46, wa katikati 31. Sayansi 33 kwa 27. Kiingereza 24 kwa 20. Jiografia na Mazingira 26, hapo wa katikati akamzidi kwa 28. Historia ya Tanzania na Maadili alipata 19, wa katikati 29.

Jumla ni 191 kati ya 300, yaani wastani wa karibu 32. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani, ambako 31 hadi 40 ni B, mtoto huyu ana B ya darasa ambalo hajalikalia hata siku moja. Tulitegemea awe na Hisabati na Kiswahili. Kilichotushtua kidogo ni Sayansi, maana huko hana pa kujifunzia isipokuwa kusoma mwenyewe. Historia ya 19 haimpunguzii kitu: hakuna mtoto anayezaliwa anajua yaliyomo humo, hufundishwa, na akifundishwa huyu atayashika.

Alama 7 zilizopotea

Kabla ya kufunga karatasi ya Hisabati, iangalie alipokosea. Alipoteza alama 7. Maswali matatu ya kugawanya, kila moja alama 2: 618 gawanya kwa 6, aliandika 13. 824 gawanya kwa 8, akaandika 13. 420 gawanya kwa 4, akaandika 15. Alama ya saba ilipotea kwenye vipimo: mita 3 na sentimita 5 ni sentimita ngapi? Aliandika 35.

Kwa kuyatazama juu juu utasema hajui kugawanya na hajui vipimo. Lakini makosa yote manne ni kosa moja. Katika 618 anaingiza 6 ndani ya 6, mara 1. Anashusha 1; 6 haiingii ndani ya 1, basi anapita bila kuandika chochote, anashusha 8, anapata 18, anaandika 3. Sifuri iliyopaswa kushika nafasi ya makumi haipo. Kwenye mita 3 na sentimita 5 ni vilevile: hajaona kwamba kati ya 3 na 5 kuna nafasi tupu inayodai kushikwa.

Na 936 gawanya kwa 4? Alipata 234, bila kuonyesha njia, kwa kichwa. Hii ndiyo hatari ya mtoto mwenye akili nyepesi: kichwa kinambeba mpaka mahali ambapo utaratibu unahitajika, na kwa kuwa majibu mengi ni sahihi hakuna anayegundua kwamba utaratibu haupo. Akirushwa bila hili kurekebishwa atafika kwenye desimali na sifuri itamwangusha, wakati huo watu watasema, "Tuliwaambia asirushwe." Kumbe dawa yake ni siku tatu za nusu saa, kwa jedwali la mamia, makumi na mamoja lililochorwa kwa rula, na sharti kwamba kila safu lazima iwe na tarakimu, hata kama ni 0.

Kwenye Kiswahili alipoteza alama 4, zote kwenye kuandika. Swali lilitaka sentensi 10 kuhusu siku ya soko. Aliandika 5, nzuri kuliko za mtoto yeyote kati ya wale 11, muda ukaisha. Hapo ndipo tulipoanza kumpima kitu ambacho hakuna barua ya kurusha darasa huwa inakitaja.

Ubao unafutwa

Darasa la nne lenye watoto zaidi ya 80 na vitabu vya kugawana husomeshwa kwa ubao. Mwalimu anaandika, wanakopi, ubao unafutwa, anaandika tena. Asiyemaliza kukopi hana nukuu, na asiye na nukuu hana cha kusoma nyumbani. Kwa hiyo mwandikie mtoto ubaoni kifungu cha maneno 60, mpime kwa saa, kisha wapime na wale 11.

Binti alitumia dakika 19. Wa katikati alitumia dakika 11. Ni maneno 3 kwa dakika dhidi ya 5 na nusu, kwa mtoto anayesoma haraka kuliko wote chumbani.

Hapa usikimbilie kusema ni mzembe. Kwanza mpime macho: asimame mita 6 kutoka kwenye ubao, azibe jicho moja, asome herufi, kisha jicho la pili. Yalikuwa mazima. Kisha kaa pembeni yake umtazame. Alikuwa anainua kichwa kwa kila neno kama wengine, ila akiandika herufi isiyompendeza anafuta. Katika dakika 19 alishika raba mara 14. Penseli, raba, pumzi ya kupuliza vumbi la karatasi, penseli tena. Watoto wa aina hii wamezoea kupata vema kila mstari, na mstari wenye doa unawauma kweli kweli.

Shule nyingi huwapa watoto kalamu ya wino wanapofika darasa la tatu. Mwaka ule ndiyo wanaozoea kwamba kosa hukatwa kwa mstari mmoja na safari inaendelea. Ukimrusha la tatu, unamrusha na mwaka wa kuzoea wino, bila wewe kukusudia. Hilo nalo hutengenezeka, dakika 10 kila siku za kukopi kutoka ubaoni kwa kalamu, raba ikiwa imefichwa, na anayesimamia asimkemee kwa makosa. Akopi kutoka ubaoni, sio kutoka kitabuni, maana kazi ngumu iko katika kuinua macho, kushika neno zima kichwani na kuliteremsha.

Kumsikiliza mtoto, na kumsikiliza mwingine

Baba alipomuuliza mbele ya wageni kama anataka la nne, alijibu ndiyo. Jibu hilo halihesabiwi. Mtoto wa miaka 8 akiulizwa na baba yake jambo ambalo baba tayari amelifurahia atasema nini kingine? Mwalimu wa malezi na unasihi alikaa naye peke yake, chini ya mti, na hakuanza na swali la darasa. Alimuuliza siku yake inavyokwenda tangu asubuhi. Ilipofika saa ya kutoka mtoto akasema, "Mwalimu, nikienda la nne nitakuwa narudi na kaka."

La kwanza na la pili hutoka saa 5 na nusu. La tatu kwenda juu hutoka saa 8 na nusu. Kila siku anarudi peke yake, na njiani kuna nyumba yenye geti jeusi na mbwa. Hakuwahi kumwambia mtu. Alipoulizwa kama angependa kuwaacha rafiki zake wawili anaokaa nao, alinyamaza, akakunja ncha ya sketi, akasema, "Hao waje na wao."

Alichokuwa anakitaka kitakuja Januari chenyewe, kwa kuwa akiingia la tatu atatoka saa 8 na nusu. Kama angepelekwa la nne kwa "ndiyo" ile ya sebuleni, tungekuwa tumejibu ombi ambalo hakuliomba.

Kaka naye aliitwa. Hili husahaulika karibu kila mara, wakati yeye ndiye atakayelipa. Ni mtoto wa alama za katikati, mpole, hodari wa mpira. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Akija la nne, mimi ndiyo nirudi la tatu?"

Hatukuhitaji kusikia zaidi, ila tutaeleza kwa nini. Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani kilitengeneza mwongozo wa kuamua kurusha watoto madarasa, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1998 na kutumika kwa miaka mingi. Watu waliouandika ni watetezi wa kurusha, wala hawana woga nako. Hata hivyo waliweka mambo manne ambayo lolote kati yake likiwepo hawashauri mtoto arushwe, hata awe na alama gani: mtoto mwenyewe hataki, kipimo cha akili hakifikii kiwango kilichowekwa, ana ndugu katika darasa alilomo sasa, au ana ndugu katika darasa anakopelekwa. Wazazi wengi wakilisikia hilo la ndugu hucheka. Wanaona ni faida, watasaidiana kazi za nyumbani. Lakini mdogo akimpita mkubwa wake kwa alama wakiwa darasa moja, kila karatasi inayorudi nyumbani ni hukumu kwa mkubwa. Walimu nao huwa hawajizuii, na "hata mdogo wako anajua" hutoka mdomoni kabla ya kufikiriwa. Kwetu ambako kaka ana nafasi yake nyumbani, wadogo humsikiliza na hutumwa kwake, kumvua nafasi hiyo kila siku mbele ya darasa kunagusa zaidi ya masomo.

Baba alikuwa na hoja nzuri: shule ina mikondo miwili, kaka awe A, binti awe B. Inatatua dawati, haitatui ukuta. Matokeo ya mwisho wa muhula hubandikwa kwa darasa zima, mikondo yote, kwa mpangilio wa nafasi, na watu husoma majina yote mawili.

Tena angalia hesabu yenyewe. Kaka yuko mbele kwa darasa moja. Kurushwa darasa moja, mwaka wowote ule, kunamtua binti kwa kaka yake. Kusubiri hakubadilishi jambo hilo, labda mmoja wao ahamie shule nyingine.

Kalenda inasema nini

Tuseme hana kaka. Tungemrusha? Ndiyo, tungeunga mkono, na tunalisema waziwazi kwa sababu katika shule zetu "hapana" hutolewa kwa hofu tu. Hofu kubwa ni kwamba mtoto aliyerushwa ataharibika kijamii. Tafiti za muda mrefu haziungi mkono hofu hiyo. Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alianza mwaka 1971 kuwafuatilia vijana waliokuwa na kipaji kikubwa cha hisabati, na kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka 50; waliosogezwa mbele kwa kadiri ya uwezo wao kwa jumla walifanya vizuri. Ripoti ya Iowa ya mwaka 2004 ilikusanya utafiti wa nusu karne ikafikia hapohapo. Wanaoumia ni waliorushwa ovyo: bila kupimwa, bila maandalizi, au kwa ajili ya sifa ya mzazi.

Lakini kwetu kuna kalenda, nayo ni kali. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, ambao binti huyu aliuanza nao akiwa la kwanza, elimu ya msingi ni miaka 6. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa na la sita lina mtihani wa kumaliza. Pitia madarasa moja moja. La nne halirukwi, kwa sababu ya upimaji. Ukiruka la tatu unatua la nne na una miezi 9 au 10 tu kabla ya karatasi za kitaifa. Ukiruka la tano unatua la sita, mwaka wa mtihani wa mwisho. Ukiruka la pili unatua la tatu, ambako una mwaka mzima wa kutulia kabla ya kupimwa. Maana yake ni kwamba mlango mpana wa kurusha uko mwishoni mwa la kwanza. Walimu wa la kwanza ndio wanaopaswa kuinua mkono, na kwa kawaida ndio wanaonyamaza, wakisema tuone kwanza la pili atakuwaje.

Kuna na suala la alama. Watoto wenye vipaji hapa nchini wana mlango wao: shule za sekondari za vipaji maalumu, na kwa wasichana ni Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Mlango huo hufunguliwa kwa ufaulu wa mtihani wa mwisho, na mwenye miaka 11 hapewi alama za nyongeza kwa udogo wake. Mtoto aliyekuwa akipata alama 46 akishuka hadi 38 kwa sababu ya mwaka mmoja uliokatwa, amewahi kufika na amefika mahali padogo. Hilo halitokei kwa kila aliyerushwa, ila mzazi analiweka mezani kabla, maana matokeo yakishatoka hakuna cha kufanya.

Umri nao uhesabiwe mpaka mwisho. Akibaki, anaanza kidato cha kwanza Januari 2030 akiwa na miaka 12 na miezi 4, na kwa kalenda ya sasa anamaliza cha sita Mei 2036 akiwa na miaka 18 na miezi 8. Akirushwa, bweni linaweza kumpokea akiwa na miaka 11, na anamaliza cha sita akiwa na 17, kabla hajafikisha umri wa kupata kitambulisho cha taifa. Mtaala wenyewe umeshapunguza mwaka mmoja wa shule ya msingi. Wazazi waliosoma miaka 7 hujisahau na kuhesabu kwa kalenda yao ya zamani.

Na kama ingekuwa ndiyo, ingefanywa hivi. Likizo ya Desemba hadi shule kufunguliwa ni kama wiki 5. Siku 5 kwa wiki, saa moja na nusu kwa siku, asubuhi, na Jumapili acheze. Wiki ya kwanza ni sifuri na kugawanya. Ya pili na ya tatu ni Historia na Jiografia kwa vitabu vya la tatu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo husomwa bure kwenye maktaba mtandao yao. Mbili za mwisho, Kiingereza na kuandika kwa kalamu. Mwalimu mkuu awe na kibali cha maandishi kupitia kwa Afisa Elimu Kata hadi kwa Afisa Elimu Msingi wa halmashauri. Katika PREM, mfumo wa Baraza ambako kila mwanafunzi ana namba yake, aonekane darasa la nne mapema. Akisahaulika la tatu, kosa huonekana wakati wa kusajili watahiniwa wa upimaji, na wakati huo ni mbio na machozi. Wiki 6 za kwanza ziitwe majaribio, mbele ya mtoto mwenyewe, ili akirudi la tatu asione amefeli.

Kikao na uamuzi

Walikaa saba: mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa la pili, mwalimu wa la nne, mwalimu wa malezi, baba na mama. Mwalimu anayepokea asipokuwepo, msikae. Yeye ndiye atakayemfundisha, na akiletewa mtoto asiyeshauriwa juu yake atamwona mzigo kabla hajafungua daftari. Katika kikao hiki ndiye aliyeeleza kwamba watoto wa la nne hubeba dumu la lita 10 kutoka bombani kwa zamu ya usafi, na kwamba kwenye mkondo wake kuna wasichana wa miaka 11 na 12 wenye mazungumzo yao. Si sababu ya kumzuia, ila ni mambo ambayo barua haiwezi kuyajua.

Uamuzi: hatarushwa Januari. Sababu iliyoandikwa kwenye muhtasari ni kaka yake, ikifuatiwa na mwaka wa upimaji. Haikuandikwa "hajawa tayari", maana ingekuwa uongo, na karatasi hiyo itasomwa siku moja na mwalimu atakayeiamini.

Kubaki nako ni uamuzi unaohitaji kazi. Mtoto huyu akikaa la tatu akisubiri wenzake mwaka mzima atajifunza somo moja kwa ukamilifu, kwamba shule haihitaji jitihada, na somo hilo huja kumtesa kidato cha pili. Kwa hiyo kila mada mpya ya Hisabati na Kiswahili, apewe kwanza zoezi la mwisho la mada. Akipata 40 au zaidi kati ya 50, hafanyi mazoezi ya kati. Anachukua faili lake la kadibodi lenye maswali marefu ya hatua tatu au nne, ya kukokotoa bei, muda na vipimo kwa pamoja, na lazima aandike njia yote, sifuri zikiwemo. Jibu lisilo na njia halipewi vema. Kwa Kiswahili anaandika habari ya ukurasa mmoja kila Ijumaa, kwa wino. Kiingereza na Historia anasoma na wenzake kama kawaida, huko bado ana cha kupokea.

Kitu kimoja kilikatazwa: kumgeuza mwalimu msaidizi. Ilishakuwa desturi, akimaliza anazungushwa madawati kusahihisha wengine, au anatumwa chaki. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha. Zaidi ya hapo anafanya kazi ya shule bila kujifunza, na wenzake wanaanza kumchukia.

Mapitio ni mara mbili, wiki ya mwisho ya Machi na kabla ya likizo ya Juni. Mwalimu wa taaluma alete karatasi mbili za la nne, kipimo cha kukopi maneno 60, na faili. Kipimo cha kukopi kikifika dakika 12 zoezi la kila siku linaachwa. Swali la kurusha litafunguliwa tena iwapo tu kaka atahamia kwa bibi yake, jambo ambalo familia ilikuwa ikilifikiria hata kabla ya barua. Na hata hapo hakuna kuhamisha katikati ya mwaka kwenda darasa lenye upimaji.

Kazi ya kumwambia walipewa mama na mwalimu wa la pili, pamoja, siku ya kufunga shule. Walikubaliana maneno. Wasimwambie ameshindwa, wala wasimwambie ni kwa ajili ya kaka, maana atamwekea kinyongo. Wamwambie mtihani aliufanya vizuri na kwamba la tatu ameandaliwa faili lake mwenyewe. Na wamwambie kwamba kuanzia Januari kengele yake ya kutoka ni ileile ya la nne, saa 8 na nusu, na kaka atamsubiri getini.